Mlenda, Ndege Namba Nne

Fomu ya kujiunga ilikuwa na maswali saba.
Umri: thelathini na mmoja.
Saa za kuruka: mia mbili na kumi, zote kitini,
kiti cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya.
Usukani: nimeutengeneza mwenyewe,
mshikio wa bajaji iliyofia Nkuhungu,
nyaya za printa, springi ya kitanda.
Ukiuvuta kulia unalia kama mbuzi.
Hilo sikuliandika.

Jina la angani?
Wenzangu walikuwa Radi, Kunguru, Wembe.
Nikatazama sahani pembeni ya kibodi,
ugali wa uwele umeshapoa,
nikaandika kile kilichobaki bakulini.
Kamanda, mstaafu wa Gdansk, dereva wa tramu miaka thelathini,
akauliza maana yake.
Nikamwambia ni mboga. Ukiikamata, haikamatiki.
Akacheka mpaka kipaza sauti kikakwaruza.
"Karibu, Mlenda. Ndege namba nne."

Usiku wa kwanza nilitunguliwa kwa sababu ya Kiswahili.
Wakapiga kelele kwa Kiingereza: adui, saa tatu!
Tatu yao ni mkono wa kulia.
Mimi nimelelewa na saa ya ukutani kwa mama,
mshale ukigusa tatu, nyumba nzima inasema tisa.
Nikageukia tisa. Kushoto. Anga tupu.
Risasi zikaja kutoka upande ule
ambao kwetu Veyula ulikuwa bado alasiri.

Nilipowaeleza wakanyamaza.
Kisha Wembe, binti wa Mendoza, akasema:
basi kwako tutasema kulia na kushoto.
Kikosi kizima kikabadili lugha ya vita
kwa ajili ya mboga.

Mama hupita mlangoni na kitochi chake.
"Nyemo, unapigana na nani saa saba za usiku?"
Na watu wa upande wa pili, mama.
"Wamekukosea nini?"
Nikatafuta jibu, nikalikosa.
Leo ni zamu yao kuwa wabaya, nikasema. Jumamosi ni yetu.
Akaguna. "Na kesho ni zamu ya uwele kupurwa."

Mwezi wa saba, upepo ule unaohesabu mabati,
tulikuwa tunasindikiza ndege za mizigo,
mimi nyuma kabisa, futi elfu kumi na mbili,
na uniti za umeme zikaisha.
Giza.
Si giza la angani, lile lina nyota.
Hili lilikuwa la chumba, lenye harufu ya waya moto.

Nikatoka na kandambili mbili zisizofanana
mpaka dukani kwa Chilongani, nikagonga,
akafungua dirisha kwa matusi na shuka mabegani,
akanikopesha umeme wa elfu mbili.
Tarakimu ishirini. Nikakosea. Nikarudia.
Arobaini na tano dakika, labda zaidi.
Nikaiwasha mashine ili tu niandike samahani,
nijue ni nani aliyechukua nafasi yangu.

"Mlenda, tunakuona."

Mizigo ilikuwa imeshafika.
Walikuwa wamerudi kuizunguka nukta nilipopotelea,
watatu, taa zimewashwa,
Kunguru amebakiza mafuta ya dakika tano
na hasemi, anapiga mluzi tu.
Nikapaa kutoka uwanjani, mbuzi akilia mkononi mwangu,
nikaingia ubavuni kwa Radi.
Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.
Tukatua mmoja mmoja, wa mwisho mimi,
gurudumu la kushoto kwanza, vibaya.

Asubuhi, macho mekundu, makapi kwenye nywele,
ndege ya kweli ikashuka juu yetu kuelekea mjini.
Mama akasimamisha ungo.
"Ile ni ya kwenu?"
Nikataka kusema: hapana, ile ina watu.
Mdomo ukakataa kumaliza.
Nikaokota fimbo,
nikapura.